Mrejesho: Paka aliyekuwa akiharisha na kuchafua zulia

Habari zenu wapendwa. Nilileta hapa shida ya paka wetu dume, ambaye tangu tuhamie nyumba nyingine alianza kuharisha na kujisaidia kwenye zulia badala ya boksi lake la mchanga. Asanteni sana mliojibu, hasa mliosisitiza aonwe kwanza na daktari wa mifugo.

Kipimo cha choo kilionyesha minyoo. Akapewa dawa kulingana na uzito wake, na maziwa ya ng'ombe tukayaacha kabisa, maana paka wengi wakubwa hayawakubali tumboni. Choo kikaanza kushikamana. Boga la kuchemsha alilikataa katakata, hata nilipolichanganya na dagaa.

Kilichomtuliza zaidi ni chumba kimoja cha kimya: chakula kona hii, boksi kona ile, na katoni la kujifichia. Alianza kula vizuri humo humo, ndipo tukamfungulia nyumba kidogo kidogo. Zulia nililisafisha kwa siki na maji, si kwa dawa yenye amonia, kwani harufu yake inakaribiana na ya mkojo na humrudisha palepale.

Hajapona kabisa. Wageni wakiwa wengi bado anakojoa mlangoni, na hilo tunaendelea nalo. Daktari alinionya: dume akijikamua bila mkojo kutoka, akimbizwe hospitali siku hiyohiyo, njia ikiziba anaweza kufa.

Na yule dada aliyeuliza kuhusu panadol, tafadhali usimpe paka. Ni sumu kwake.