Kulungu anachutama kabla mshale haujafika: niongeze nguvu ya upinde?

Mshale_Mmoja

Wakuu, salaam. Nipo Minnesota, nawinda kulungu wa mkia mweupe kwa upinde wa asili. Ni rikevu (upinde ambao ncha zake zimejikunja kuelekea mbele) ya inchi 60, pauni 45 ukivutwa inchi 28, hauna magurudumu wala kifaa cha kulengea. Mishale ni ya kaboni, kila mmoja greini 380 (greini ni kipimo kidogo cha uzito), kigumba kikiwa greini 125 kati ya hizo. Ulingo nimeufunga juu ya mti futi 20, na njia yao ipo yadi 22 kutoka hapo.

Tatizo: nikiachia tu, kulungu anashuka chini na mshale unapita juu ya mgongo. Nimeshauriwa nihamie pauni 55. Ndiyo dawa yenyewe?

Swali la pili: wawindaji wa upinde wa kwetu, Wahadzabe wa Eyasi (Tanzania) na Waliangulu wa Tsavo (Kenya) enzi zao, mbona hawakuhangaika na upana wa kigumba kama tunavyosisitiziwa huku?

Fundi_Upote

Mkuu, usinunue upinde mpya kwanza. Piga hesabu. Yadi 22 ni kama mita 20. Sauti inakwenda mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa upinde unamfikia kulungu ndani ya sekunde 0.06. Mshale wako unakwenda kama futi 175 kwa sekunde, unachukua karibu sekunde 0.38. Amebakiwa na theluthi moja ya sekunde. Wala haukwepi mshale, haujui. Ameshtuka, anakunja miguu ili aruke, na kukunja miguu ndiko kunakomshusha. Kitu kinachoanguka chenyewe hushuka karibu sentimeta 20 kwa sekunde 0.2, na hizo zinatosha kuutoa mshale kwenye mapafu.

Sasa tuseme pauni 55 zimekuongezea futi 15 kwa sekunde. Umeokoa sekunde 0.03 tu. Tena greini 380 kwenye pauni 55 ni chini ya greini 7 kwa kila pauni, wepesi unaoweza kupasua mikono ya upinde (zile sehemu mbili zinazojipinda). Na mshale mwepesi ndio unaopiga kelele: nguvu ambayo haikubebwa na mshale inabaki kwenye upinde ikitetemesha kila kitu.

Fanya kinyume. Weka kigumba cha greini 200, mshale wote ufike 455, yaani kama greini 10 kwa pauni. Ila kichwa kizito kinaufanya ufito wa mshale ujikunje zaidi unapotoka. Jaribu kwanza mshale usio na manyoya: kwa anayeshika uzi kwa mkono wa kulia, ukienda kulia kwa wenye manyoya basi ufito ni laini mno. Tafuta ufito mgumu zaidi, au ukate robo inchi kwa robo inchi.

Halafu nyamazisha uzi. Pima nafasi kati ya uzi na sehemu ya ndani kabisa ya mshiko. Kwa upinde wa inchi 60 anzia inchi 7¼, sokota uzi mizunguko mitatu, piga mishale kadhaa, sikiliza, endelea hadi inchi 8¼. Kuna mahali mlio unageuka kutoka mwangwi kuwa kishindo kifupi kizito. Baki hapo. Vifungo vya kuzima mlio, vya manyoya ya biva (mnyama wa mtoni) au sufu, vifunge robo ya urefu wa uzi kutoka ncha moja na theluthi kutoka ncha ya pili. Vikiwa umbali sawa, mtetemo mwingine unaponyoka. Na kwenye rikevu uzi unarudi kugonga ncha za mikono, hivyo bandika kitambaa chembamba chenye manyoya pale unapogusia.

Angalia pia mkato wa nyuma wa mshale. Ukiugonga uzi kidogo kwa kidole, mshale udondoke. Ukibana sana, unatoka na mlio wa kukatika kitu.

Bi_Podo

Ndugu Mshale, Fundi kamaliza upande wa kifaa. Upande wa mahali ndio utakaokupa zaidi. Sogeza ulingo, njia iwe yadi 12 hadi 14. Lakini ukisogea shusha na kimo. Futi 20 juu na yadi 12 mbele ni mteremko wa karibu nyuzi 30, mshale unaweza kugusa pafu moja tu. Futi 14 ni karibu nyuzi 20. Kinachokuficha ni shina nene na matawi nyuma ya mgongo wako, si kimo. Mkanda wa usalama uvae kuanzia unapokanyaga hatua ya kwanza chini.

Upepo uvuke kutoka kwake kwenda ubavuni kwako, usikuache wewe ukielekea njia. Asubuhi jua likipasha, hewa inapanda. Jioni inashuka bondeni na harufu yako inashuka nayo, kwa hiyo ulingo wa asubuhi haufai jioni kama njia ipo chini yako.

Kulungu anayetembea na kutikisa mkia pembeni ametulia. Akigonga ardhi kwa kwato, au akainamisha kichwa kama anakula kisha akakiinua ghafla, anakutafuta: usivute. Vuta kichwa chake kikiwa nyuma ya mti, au akiangalia upande mwingine mguu wa karibu nawe ukiwa umetangulia. Wenye pinde za magurudumu humsimamisha kwa kutoa sauti ya mdomo. Kwa upinde wetu siafiki kabisa, maana ukimsimamisha umeshakaza misuli yake.

Na lenga theluthi ya chini ya kifua. Asiposhuka umepata moyo, akishuka umepata mapafu.

Mshale_Mmoja

Shukrani, dada. Nikiinama kumlenga wa karibu, mkono wa chini wa upinde unagonga kiti. Na akipigwa, nishuke baada ya muda gani?

Mzee_wa_Ini

Kijana wangu, lalisha upinde kama saa saba kwenye uso wa saa, na uinamie kiunoni, si mabegani. Mazoezi yako yafanyie ulingoni, si uwanjani.

Kuhusu swali lako la pili, jibu ni sumu: Wahadzabe hutumia sumu ya mti wa mdagu na nyinginezo, Waliangulu walitumia ya mti wa msunguti. Hapo kigumba kazi yake ni kuifikisha sumu kwenye damu. Majimbo karibu yote ya Marekani yanakataza sumu, kwa hiyo kinachoua ni makali peke yake. Minnesota inataka upinde usiopungua pauni 30 na kigumba chenye upana usiopungua inchi 7/8. Kwa pauni zako chukua cha bapa mbili, kisichofunguka. Noa nyuzi 25 hadi kinyoe nywele za mkono bila kusukuma. Butu linasukuma mishipa pembeni badala ya kuikata.

Muda wa kusubiri unausoma kwenye damu na mshale. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, subiri nusu saa. Nyekundu iliyoiva, nzito, ni ini, saa 4 hadi 6. Mshale ukinuka na una ute wa kijani, ni utumbo: ondoka kimya kupitia upande mwingine, rudi baada ya saa 8 hadi 12. Ukimfuata mapema anaamka na kwenda mbali, na jeraha la utumbo halidondoshi damu ya kutosha kumfuatilia. Mvua ikikaribia utalazimika kwenda mapema, basi nenda na mwenzio, mmoja asimame kwenye alama ya mwisho ya damu na mwingine atafute ya mbele.