Ilemi: "ramani ya mkoloni" ni ipi hasa?

Wadau, kila mgogoro wa Pembetatu ya Ilemi, eneo la malisho linalogombaniwa mpakani mwa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia, ukizuka kuna wanaosema: fuateni ramani ya mkoloni, yaishe. Wana hoja. Mwaka 1964 kule Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliazimia kuheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru. Swali langu ni moja: mpaka upi?

Amri ya Uingereza ya 1914 ilitenganisha Sudan na Uganda (Turkana ilikuwa upande wa Uganda, ikahamishiwa Kenya mwaka 1926). Mstari wake unaanzia ufukweni mwa Ghuba ya Sanderson, Ziwa Rudolf, yaani Ziwa Turkana la leo. Ghuba hiyo imekauka. Ziwa lilirudi nyuma, delta ya mto Omo ikasogea kusini, na pale palipoandikwa ufuko pakawa nchi kavu.

Halafu isomeni amri yenyewe. Inasema mpaka uende kwa mstari ulionyooka, au kwa mstari utakaoiachia Uganda malisho ya kawaida ya Waturkana. Wachora ramani walishika sehemu ya kwanza. Mstari ulionyooka unachorwa ukiwa ofisini, ila malisho lazima uyaendee kwa miguu, masika na kiangazi.

Kazi hiyo ilijaribiwa mwaka 1938, wapimaji wa Kenya na Sudan walipouweka pamoja Mstari Mwekundu, kaskazini ya ule wa 1914. Mwaka 1950 Sudan nayo ikaweka mstari wake wa doria, mbali zaidi kaskazini-magharibi. Yote mitatu ni ya enzi za mkoloni!

Mimi nasema kisisimikwe kigingi hata kimoja kabla Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia hazijapima upya kwa pamoja, wafugaji wakiwa mbele kuonyesha visima na njia za mifugo. Na siungi mkono Wakenya wenzangu wanaohesabu malisho ya Waturkana peke yake. Wanyangatom, Wadaasanach na Watoposa nao wanachunga huko, na mwaka 1914 hakuna aliyeyaandika malisho yao.

Mnaotetea mstari ulionyooka, nijibuni: mtauanzia wapi, ikiwa ghuba haipo? Na kiangazi kikikaza, mfugaji anayechimba maji mchangani mwa mto Kibish atavuka kwa ruhusa ya nani?