Tupeane uzoefu: Mliosomea fedha na benki Urusi enzi za Kisovieti, maisha yalikuwaje?

Mwanzisha uzi

Shikamooni wakubwa. Marehemu baba alisomea mambo ya benki Leningrad (leo St. Petersburg) miaka ya 70, akarudi kufanya kazi hiyo mpaka alipostaafu. Ya kule alikuwa haongei sana. Juzi tunapanga vitu vyake nimekuta kijitabu chenye picha yake akiwa kijana, kimejaa sahihi, pamoja na fremu ya mbao yenye nyaya na shanga. Mliopita huko naomba mnisimulie. Walifundishwa nini hasa?

Mstaafu wa kaunta

Marahaba mwanangu, pole sana kwa kufiwa. Hicho kijitabu kinaitwa zachotka, kitabu cha alama za mwanafunzi, kitunze. Mitihani mingi ilikuwa ya mdomo. Unaingia, mezani kuna vikaratasi vimefunikwa, unaokota kimoja, unakaa pembeni kujiandaa, kisha unakwenda kujieleza mbele ya mwalimu. Alama ya juu ni 5, na anaiandika humo humo na kutia sahihi. Wenzetu wa pale walikuwa wanaweka sarafu ya kopeki 5 (senti zao) kwenye kiatu, chini ya kisigino, ili mtihani uwe mwepesi. Na mimi niliweka.

Kama ni chuo nilichosoma mimi, basi baba yako alikaa katika jengo lililojengwa karne ya 18 kuwa benki, kazi ya Quarenghi, msanifu wa Kiitaliano. Nyuma yake kuna mfereji, na juu ya mfereji daraja jembamba la waenda kwa miguu linaloshikiliwa na simba wanne wenye mabawa ya dhahabu. Januari mabawa yale yanabeba theluji. Nilikuwa nasimama pale natazama hadi vidole viume kwa baridi.

Mwaka wa kwanza ni Kirusi tu. Baada ya hapo ndipo unaingia kwenye masomo yenyewe, na hapa nataka vijana waelewe, maana wengi wanadhani tulisoma siasa peke yake. Siasa ilikuwepo, tena nyingi. Lakini uhasibu wao ulikuwa mkali. Nchi nzima ilikuwa na Gosbank, benki ya dola, na kila kiwanda kina akaunti humo. Viwanda vikilipana, fedha inahama kwenye vitabu tu. Noti zilitoka hasa kwa ajili ya mishahara. Tangu mageuzi ya 1930, kiwanda hakikuruhusiwa kukikopesha kingine. Kwa hiyo ofisa wa benki aliona kila malipo, na kazi yake ilikuwa kuuliza: haya yamo kwenye mpango wa serikali? Waliita udhibiti kwa rubo, yaani kwa fedha yao. Mpaka leo nikiona hati ya malipo, jicho linakimbilia kwenye sababu ya malipo kabla ya kiasi.

Kilichokosekana ni kumpima mteja. Sheria ya 1991 ilipofungua milango kwa benki binafsi hapa kwetu Tanzania, alikuja mbele yangu mfanyabiashara wa mahindi anataka mkopo. Hana mpango wa serikali nyuma yake, ana ghala na maneno yake tu. Miaka yote ile hakuna aliyenifundisha kumwangalia mtu wa namna hiyo. Nilijifunza upya nikiwa na mvi.

Bibi wa Unguja

Mie nilikuwa Kyiv, Ukraine, enzi hizo ikiwa ndani ya Muungano wa Kisovieti. Darasani wanaume walikuwa wanne tu, waliobaki wote wanawake. Kule kazi ya benki ilikuwa ya wanawake, na nilifurahi mno, maana nyumbani nilikuwa nimeulizwa mwanamke ataendaje kuhesabu fedha za watu. Bweni tulichanganywa na wenyeji, jiko moja mwisho wa ukumbi. Wavietnam wakikaanga samaki wa chumvi, ghorofa nzima yajua. Mwenzangu wa chumba kila Septemba alipelekwa shamba kuvuna viazi, hurudi mikono imepasuka, nami nampaka mafuta ya nazi niliyotumiwa na mama. Mafuta yale kwa baridi yaliganda kama mshumaa, twayayeyusha kwanza juu ya bomba la kupasha chumba moto.

Mwana wa mwisho

Mimi nilikuwa huko wakati Muungano wa Kisovieti unaelekea kuvunjika. Januari 22, 1991, taarifa ya habari saa tatu usiku: noti za rubo 50 na 100 hazitumiki tena, mna siku tatu kuzibadili. Kesho yake foleni imezunguka jengo. Bibi mmoja mbele yangu alikuwa amefunga noti zake kwenye leso, anazihesabu, anazifunga, anazihesabu tena. Nilikuwa mwanafunzi wa benki mwaka wa tatu, akaniuliza: mwanangu, watanibadilishia zote? Nilijua kuna kiwango cha juu kilichotangazwa, na mkononi mwake niliona zinapita. Sikuweza kumjibu.

Mwanzisha uzi

Nasoma nalia. Mzee wetu wa kaunta, kuna waya mmoja una shanga nne tu, mingine yote kumi. Zimepotea?

Mstaafu wa kaunta

Hazijapotea. Hiyo fremu ni ya kuhesabia fedha, na huo waya wenyewe hauhesabiwi. Unatenga: juu yake rubo, chini yake kopeki. Kwenye nyaya za kumi, shanga mbili za katikati ni nyeusi ili jicho lihesabu bila kidole. Iweke wima mbele yako, shanga zote kulia, uanze na waya wa chini.