Yule jamaa wa baiskeli ya kaboni leo kanivunjia heshima Clarks Gap

Wakuu, salamu sina. Nimeingia ndani sasa hivi, helmeti bado iko kichwani, na nikisubiri hadi kesho nitakuwa nimeshasamehe. Sitaki kusamehe.

Jina simtaji. Wabongo wote wa Virginia na Maryland mnamjua. Yule wa kaptula ya kubana. Yule ukimuuliza hali ya watoto anakujibu baiskeli yake ina kilo saba.

Leo nimeipiga W&OD kutoka Leesburg kwenda Purcellville, mimi na mwanangu wa miaka tisa. Kwa wasioijua, ni njia ya baiskeli hapa Virginia, juu ya tuta la reli ya zamani. Treni ziliacha kupita 1968, mataruma yakang'olewa, ikamwagwa lami, maili 45 kuanzia Shirlington. Pembeni wamewaachia farasi njia yao ya kokoto. Mashamba, ng'ombe, hewa safi. Na kwa kuwa ilikuwa ya treni, haina mlima wa kueleweka. Unapanda bila kujua unapanda, unashangaa tu mapafu yanakudai. Clarks Gap ndiyo kilele cha mwinuko huo, na ndipo nilipokuwa.

Niko gia ya mwisho, naongea na Mungu. Nasikia nyuma: "Kushotooo!" Mimi nimekulia Shinyanga, nchi ya kushika kushoto. Nikiambiwa kushoto, nakwenda kushoto. Kumbe huku maana yake ni yeye ndiye anapita kushoto. Nikamziba. Haya, kosa langu. Yangeisha hapo.

Jamaa akaja ubavuni. Mkono mmoja ndizi. Mkono wa pili, wakuu, akanibandika mgongoni AKAANZA KUNISUKUMA. Usukani kawaachia malaika. Ananisukuma kama mkokoteni wa Kariakoo, sijamwomba, anatafuna. Halafu mbele ya mtoto akasema: "Taratibu mzee, mkaa usimwagike."

Mkaa usimwagike! Mimi ni gunia!

Akamaliza ndizi akapotea. Mtoto kacheka hadi Purcellville. Tumerudi, mama yake kamimina chai, dogo anamwambia mkaa usimwagike. Ndani ya nyumba ninayolipia mimi.

Kokoto Nyeupe: Nimekaa paleee.

Gia Ndogo: Mkuu, kakusukuma umbali gani?

Mleta uzi: Kama mita 200. Hiyo siyo hoja.

Gia Ndogo: Umepewa lifti ya bure mita 200 halafu unafungua uzi. Ungemwomba na ndizi.

Binti Ngamiani: Ngoja kwanza. Mtu wa Shinyanga, mji ambao daladala ni baiskeli, kashindwa na tuta la reli? Msukuma kasukumwa 😂😂

Mleta uzi: Nilijua tu kuna mtu atalileta hilo.

Kokoto Nyeupe: Msukuma kasukumwa. Uzi ufungwe, hakuna atakayezidi hapo.

Jirani wa Busia: Nyinyi watu wa Tanzania mnajivunia baiskeli kama mliianzisha. Boda boda ilianza kwetu mpakani, kwa baiskeli hizo hizo, mtu na mzigo wake anavushwa hadi upande wa Uganda. Mkaa wenyewe tulibeba na haukumwagika.

Binti Ngamiani: Huyu naye kaitwa na nani?

Mleta uzi: Tusitoke kwenye mada. KANISHIKA MGONGO. Akiwa na ndizi.

Fundi Cheni: Mimi yule jamaa hanisumbui. Kero yangu ni zile nyaya. Sehemu kubwa ya njia unaendesha chini ya nguzo kubwa za umeme, wamekata miti, jua la Julai linakupiga utosini. Halafu kila ukishika mwendo, hii hapa barabara, simama, magari yapite. Simama tena.

Gia Ndogo: Simama ndiyo pona ya mleta uzi, anapata kupumua.

Mzee wa Lindi: Vijana, mna bahati mnalalamikia lami. Sisi kusini tulikuwa na reli ya Nachingwea kwenda Mtwara, ya ule mradi wa karanga wa Mwingereza. Karanga zikagoma, mwaka 1962 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Lami juu ya lile tuta hakuna aliyetuwekea. Ningekuwa naendesha na wajukuu.

Jirani wa Busia: Mzee wangu, ukiweka lami huko bodaboda wa pikipiki watahamia siku hiyo hiyo.

Mzee wa Lindi: Hapo umesema kweli, mwanangu.

Fundi Cheni: Kwani ile pikiniki ya Vienna, hapa hapa Virginia, ya mwezi uliopita, pesa ya mbuzi ilisimamiwa na nani?

Binti Ngamiani: Eeeh! Nilichanga dola 40 nikala mfupa na pilipili.

Kokoto Nyeupe: Wewe ulipata mfupa? Mimi nilikuta moshi.

Mleta uzi: Wakuu, mada ni mgongo wangu.

Gia Ndogo: Mkuu subiri kidogo. Binti, uliituma kwa nani hiyo 40? Maana nami nilituma 40, na namba nilipewa na mtu mwenye kaptula ya kubana.

Binti Ngamiani: Usiniambie.

Fundi Cheni: Baiskeli ile mpya ya kaboni aliinunua lini?