CD tupu za masta na za nakala: ninunue zipi kwa albamu ya kwaya?

Mwalimu_Kwaya
Wakuu, heshima kwenu. Albamu ya kwaya imetoka studio: nyimbo 10, dakika 58. Nahitaji masta 2 za kupeleka kiwandani mwakani, na nakala 200 za kuuza siku ya uzinduzi. Kariakoo kuna CD tupu za kila bei: za 52x, zilizoandikwa "Music", na nyeupe juu za kuprinti. Wauzaji wanasema zote ni zilezile. Nichukue aina moja kwa kazi zote? Na nichome kwa kasi gani?

FundiMasta
Mkuu, tenganisha hizo kazi mbili tangu dukani. Makosa madogo kwenye nakala husahihishwa na deki yenyewe na msikilizaji hasikii kitu. Masta ikiwa na kosa lisilosahihishika, hata moja, kiwanda kitairudisha, au kosa hilo litaingia kwenye kila CD itakayopigwa.

Jina la kwenye boksi halitoshi. Kampuni nyingi hununua CD kwa watengenezaji wachache na kubandika nembo zao, kwa hiyo maboksi mawili ya nembo moja yanaweza kutoka viwanda tofauti. Angalia ATIP, yaani msimbo uliomo kwenye mfereji wa CD tupu. Tia CD kwenye raita, fungua ImgBurn (programu ya kuchomea) upande wa kuandika, soma maelezo yanayotokea kulia. 97m34s23f ni Mitsubishi Chemical, ndizo AZO za Verbatim (AZO ni jina la rangi inayochomwa na leza), chini zina buluu iliyokolea. 97m26s66f ni CMC Magnetics ya Taiwan. 97m15s17f ni Ritek. 97m24s01f ni Taiyo Yuden ya Japani, walioacha kutengeneza diski mwaka 2015, kwa hiyo ukiuziwa boksi lao kama mzigo mpya, shtuka: ama limekaa ghalani miaka, ama ni feki.

Kwa masta chukua AZO au CMC Pro, inayotumia teknolojia iliyonunuliwa kwa Taiyo Yuden. Angalizo: Verbatim zenye maandishi "Extra Protection" si AZO. Kwa nakala zinafaa kabisa, lakini usizilipie bei ya AZO.

Zile za "Music" achana nazo. Ni za mashine za kurekodia za mezani, ambazo hukataa CD isiyo na alama hiyo. Raita ya kompyuta haijali, na sauti haiongezeki ubora.

Sauti_Safi
Kasi sasa. Wengi hudhani 1x (kasi ya kawaida ya kusikiliza) au 4x ndiyo salama. Ilikuwa hivyo kwa CD za zamani. CD ya 52x ina rangi iliyotengenezwa kwa kasi kubwa, na raita za sasa hazijui vizuri nguvu ya leza ya kutumia kwa kasi ndogo kama 1x au 4x. Choma kwa 16x hadi 24x. Ukipanda 48x au 52x, makosa huongezeka ukingoni mwa nje, ndiko nyimbo za mwisho zinapoanza kukwaruza.

Kwa masta weka Disc-At-Once (CD nzima huchomwa kwa mkupuo mmoja), si Track-At-Once. Track-At-Once huzima leza kila wimbo unapoisha, na pale inapounganishia hubaki alama ambayo mashine ya kiwandani huisoma kama kosa. Faili ziwe 44.1 kHz, biti 16. Kama studio ilifanyia kazi kwenye 48 kHz biti 24, mwambie fundi wao abadilishe na kuweka ditha (kelele ndogo sana inayofunika kasoro za kupunguza biti). Usiiachie programu ya kuchomea.

Baada ya kuchoma, pima kwa Opti Drive Control ukitumia raita inayotoa taarifa za C1 (makosa madogo) na C2 (makosa mazito zaidi), kama LiteOn au Plextor za kompyuta ya mezani. Kiwango cha CD kinaruhusu wastani wa hadi makosa 220 ya C1 kwa sekunde, ila kwa masta hiyo ni mbaya. Lenga chini ya 50, na C2 iwe 0 mwanzo mpaka mwisho. Ikitokea C2 hata moja, tupa, choma nyingine.

Mwalimu_Kwaya
Asanteni sana. Nina raita ya nje ya USB, ile nyembamba, na nakala nitakodi mashine ya raita 7. Juu nilifikiria kubandika stika.

Printi_Tanga
Stika hapana, mkuu. Ikikaa pembeni kidogo tu CD inakosa mizani, na 52x ni zaidi ya mizunguko 10,000 kwa dakika. Kwenye joto la gari gundi inalegea, stika inavimba na CD inakwama ndani ya redio. Nunua nyeupe za kuprinti, ziache zikauke usiku kucha kabla ya kuzifungia. Zaidi ya hapo, rangi na tabaka la fedha viko juu, chini ya vanishi nyembamba tu. Stika ikibanduka huondoka na fedha, na wimbo umekwenda.

Mashine ya raita 7 kwa 16x: mzunguko mmoja kama dakika 5, mizunguko 29, basi tenga saa 3 pamoja na kupakia. Nunua CD 220, maana chache zitaharibika. Choma 7 za kwanza, zisikilize kwenye redio ya gari kuukuu na deki ya kanisani, hasa wimbo wa 10, ndipo uendelee. Raita moja ikitoa mbovu mara mbili, izime, fanya na 6.

FundiMasta
Hiyo raita nyembamba itumie kusikilizia. Masta chomea kwenye ya mezani, intaneti imezimwa na programu nyingine zimefungwa. Usiandike juu kwa kalamu ya spiriti. Andika kwa kalamu ya wino wa maji kwenye duara angavu la katikati: jina la kwaya, tarehe, "MASTA A" au "MASTA B".

Na kabla hujanunua hata moja, iombe studio faili za DDP za albamu (albamu nzima katika mpangilio wa kiwandani) pamoja na MD5 yake (msimbo wa kuhakiki faili). Viwanda vingi huzipendelea kuliko CD, kwa kuwa MD5 huonyesha papo hapo kama kuna kitu kimebadilika njiani. Uliza kiwanda chako wanapokea ipi. Wakikubali DDP, hizo masta 2 zinakuwa akiba: moja ofisini kwa kwaya, nyingine nyumba tofauti, kwenye kasha gumu mbali na jua.