Naomba ushauri: picha za joto za droni, huyu ni kiboko au ni maji tu?

Hamjambo wenzangu. Tuna kikundi hapa Dunga, Kisumu, kinachofuatilia viboko usiku ili wavuvi wajulishwe kabla ya kuingia ziwani. Kibali cha droni tunacho. Shida ni kusoma picha za kamera ya joto, ambamo chenye joto hutokea cheupe na cha baridi cheusi.

Usiku maji ya ziwa hubaki na joto kuliko mafunjo na gugu maji, kwa hiyo maji hutokea meupe na mimea myeusi. Sasa pale gugu maji linapoacha upenyo, napata doa jeupe la mviringo, ukubwa wa mgongo wa kiboko kabisa. Kiboko mwenyewe akizama, ngozi ikilowa, huonekana hafifu. Mara nyingi ni masikio na pua tu.

Kamera ikiinamishwa upande, isitazame chini moja kwa moja, mambo huharibika zaidi. Maji huakisi anga, na anga lisilo na mawingu ni baridi mno, basi ziwa huonekana jeusi kuliko lilivyo. Kiboko aliyesimama kwenye kina kifupi naye huakisiwa, wakawa wawili.

Je, kupiga picha wima, kamera ikitazama chini, kunatosha, au mnarudia eneo lilelile kuona doa lipi limesogea? (Gugu maji nalo husukumwa na upepo, kwa hiyo siamini mwendo peke yake.) Na mnaruka juu kiasi gani bila kuwashtua? Kiboko akishtuka akaibukia penye mashua, ni maisha ya mtu. Aliye na picha za usiku za Ziwa Naivasha, naomba tulinganishe.