Nimerejea kutoka Muscat, na mwanangu anamwita bibi yake "mama"

Aliyerejea: Shikamooni wakubwa. Niliondoka Muheza mwanangu akiwa na miaka mitatu, nikaenda Muscat kufanya kazi za ndani, na malezi yote nikamwachia mama yangu mzazi. Sasa nimerudi, nimepanga chumba na sebule Mbagala, na ninatamani kuishi naye. Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Bibi yake humwita "mama", na mimi huniita kwa jina, kama anavyowasikia wajomba zake. Viatu nilivyomletea vilimbana vidole, naye akashinda navyo siku nzima bila kuniambia. Jioni akamweleza bibi. Baba yake hajulikani alipo. Je, nimchukue sasa kabla hajakua zaidi, au nisubiri?

Mjukuu wa Pangani: Dada, hongera kwa kurudi salama. Nami nililelewa na bibi hadi darasa la sita, ndipo wakubwa wakakubaliana usiku na asubuhi nikapandishwa basi. Kuhama hakukuniumiza kama kule kutoambiwa ni lini nitamwona bibi tena. Mchukue kwanza likizo ya Juni, arudi, kisha aje tena Desemba, ili Mbagala aizoee kabla ya kuhamia. Jina la "mama" usimdai.

Ustawi wa jamii, mstaafu: Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, na inampa haki ya kutoa maoni. Mtoto wa miaka tisa anaweza kueleza vizuri anachotaka, mradi asiulizwe mbele yako wala mbele ya bibi yake. Kwa kuwa wewe ndiwe mama mzazi na hujasema kwamba kuna anayekupinga, sioni sababu ya kufika mahakamani (watu hukimbilia huko upesi mno). Linalonisumbua zaidi ni shule. Mwakani ataingia darasa la nne, lenye upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo ahamie Januari shule zinapofunguliwa, au abaki Muheza hadi amalize upimaji huo, kwani kumhamisha katikati ni kumtaka azoee mama, mji na walimu wapya kwa wakati mmoja huku akijiandaa na mtihani. Barua ya uhamisho iombeni mapema kwa mwalimu mkuu, na kama hana cheti cha kuzaliwa, kishughulikieni sasa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo.

Bibi wa Korogwe: Marahaba, mwanangu. Nimelea wajukuu wawili, na mama yao alipowachukua hakuna aliyeuliza nitabaki na nani. Fedha ulizotuma zilinunua unga na sare, lakini usiku wa homa aliyeamka ni mama yako. Zungumza naye kwanza, ninyi wawili tu, kisha mwambieni mtoto kwa pamoja, maana akiona bibi ameridhia hatajihisi kwamba amemtoroka. Na hizo fedha za kila mwezi usizikate mtoto akishahama.